Ureno 94, India 1: takwimu za talaka zinatuambia nini?

Kuna orodha ambayo kila baada ya miezi michache huzuka upya kwenye makundi ya WhatsApp. Ni picha yenye bendera za nchi, na mbele ya kila bendera kuna asilimia ya talaka: India 1, Vietnam 7, halafu inapanda mpaka Urusi 73, Hispania 85 na Ureno 94. Safari ya mwisho aliileta mjomba wangu kwenye kundi la ukoo, mtu ninayemheshimu sana, akaandika chini yake: "Wenzetu ndoa zimewashinda. Tusiwaige." Zikafuata amina kumi na kitu. Shangazi mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Na sisi tumo wapi humo?" Hakujibiwa, na mimi swali lake sijaweza kulisahau.

Tuanze na Ureno. Ile 94 haisemi kwamba kati ya ndoa 100 za Wareno, 94 huvunjika. Hesabu ya namna hiyo hupatikana kwa kuchukua talaka za mwaka mmoja na kuzigawa kwa ndoa zilizofungwa mwaka huohuo. Lakini wanaoachana mwaka huu siyo waliooana mwaka huu. Wengi wao walioana miaka 15 au 20 nyuma, enzi ambazo harusi zilikuwa nyingi kuliko sasa. Mwaka 2020, korona ilipofunga makanisa na kumbi, ndoa mpya Ureno zilishuka kutoka elfu 33 na ushei hadi chini ya elfu 19, na uwiano huo ukaruka kupita 90. Waliokuwa wameoana waliendelea na maisha yao. Walioahirisha harusi ndio walioharibu hesabu.

Wataalamu wa idadi ya watu hupenda kipimo kingine, yaani talaka ngapi kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Ni kipimo cha haki zaidi, ila nacho kina tundu: mahali ambapo watu hawafungi ndoa, hata talaka haziwezi kuwa nyingi. Marekani ilifika 5.3 mwaka 1981, na miaka ya karibuni iko kwenye 2.4 hivi. Kushuka huko kuna habari njema ndani yake, kwa sababu watu wanaoana wakiwa wakubwa zaidi na wakijua wanachokifanya. Kuna pia wengi ambao hawaoani kabisa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mwaka 1964 zilifungwa ndoa 8 kwa kila watu 1,000. Siku hizi ni kama 4. Wanaoishi pamoja bila cheti wakiachana, hakuna karani anayewaandika.

Sasa India, ile 1 iliyomfurahisha mjomba. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 1.36 waliopewa talaka, lakini wale waliotengana bila talaka walikuwa karibu mara tatu ya hao. Ndoa imekufa, mke karudishwa kwao au kaachwa kijijini, na kwenye karatasi bado ni mke wa mtu. Ufilipino nako, ukiacha Waislamu wenye sheria yao ya mwaka 1977, raia hawana talaka kabisa. Kilichopo ni kubatilisha ndoa mahakamani, kesi ndefu ya gharama ambayo mfua nguo wa Manila hawezi kuigusa. Kwa takwimu, Ufilipino ni nchi ya ndoa imara kuliko zote. Lakini nyumba njema si mlango.

Kuna kisa kimoja ambacho natamani kila anayesambaza orodha ile angekijua. Miaka ya 1950, miongoni mwa sehemu zilizoongoza duniani kwa talaka hazikuwemo London wala California. Zilikuwa Kelantan na Terengganu, majimbo ya Waislamu wa Kimalei kaskazini-mashariki mwa rasi ya Malaya (Malaysia ya leo), pamoja na vijiji vya Java, Indonesia. Kelantan, zaidi ya nusu ya ndoa ziliishia kwenye talaka. Halafu, miaka ya 1960 na 1970, wakati talaka zinafumuka Ulaya na Marekani, huko zikawa zinaporomoka. Dini haikubadilika, na madhehebu yalikuwa yaleyale ya Shafii tunayoyafuata pwani yetu. Kilichobadilika ni kwamba wasichana walikwenda shule, wakapata kazi viwandani, wakaolewa wakiwa na miaka ishirini na kitu badala ya 15 au 16, na wakaolewa na wanaume waliowachagua. Zamani ndoa ya kwanza ilikuwa ya wazazi. Ikishindikana, binti alirudi kwao bila aibu kubwa, na ndoa ya pili ndiyo ikawa yake.

Aliyelelewa pwani hahitaji kwenda Kelantan kuliona hilo. Bibi yangu mzaa mama aliolewa mara tatu. Mume wa kwanza alipewa akiwa bado anafundishwa kusuka ukili. Alikaa naye mvua mbili akaachwa, akatoka na kinu chake na mkeka alioumaliza humohumo ndani. Alikuwa akitusimulia bila kinyongo chochote. "Yule nilipewa," alisema, "babu yenu nilimtaka." Leo mtu akisema ndoa za zamani zilikuwa zinadumu, mimi huwa namfikiria yeye na rika lake, wale mabibi waliokuwa wakihesabu eda zao kama wanavyohesabu vitukuu.

Na hii haikuishia kwa bibi. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, uliowauliza wanawake wenyewe historia ya ndoa zao badala ya kutegemea madaftari ya mahakama. Ulionyesha kwamba takriban robo ya ndoa za kwanza zilikuwa zimevunjika ndani ya miaka 15 hadi 20, na kwamba kwa jumla kuvunjika huko kumetulia au kumepungua, kinyume na tunavyoambizana misikitini, makanisani na redioni. Kwa hiyo shangazi, jibu ni kwamba tumo. Hatumo kwenye ile picha kwa sababu ndoa zetu nyingi hufungwa na kuvunjwa bila kuandikishwa popote.

Hata hivyo, nisingependa kumtendea mjomba kana kwamba hana hoja. Anayo, na ni nzito. Talaka inaumiza watoto, na huu siyo usemi wa mimbari tu. Mwanasosholojia Paul Amato wa Marekani, aliyefuatilia familia kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kwa wastani watoto wa wazazi walioachana hupata shida zaidi shuleni na katika mahusiano yao ya baadaye. Kinachofikirisha zaidi ni alipozitenganisha nyumba. Palipokuwa na ugomvi mkali, watoto walipata nafuu wazazi walipoachana. Palipokuwa pametulia, wazazi wakaachana kwa sababu tu ya kuchokana, hapo ndipo watoto waliumia sana, maana kwao talaka ilianguka kama radi kwenye jua. Hoja ya mjomba, kwamba wengine wangeweza kuvumilia wakasawazisha, inapata nguvu hapo. Ongeza na ukata: karibu kila palipopimwa, kipato cha mwanamke baada ya talaka hushuka kuliko cha mwanamume, na watoto wengi hubaki na mama.

Basi serikali ikiuongezea uzito mlango wa kutoka kwenye ndoa, inasaidia? China ilijaribu. Kuanzia Januari 2021, mume na mke wanaokubaliana kuachana lazima wasubiri siku 30, na ndani ya siku hizo yeyote kati yao anaweza kuondoa ombi. Talaka za makubaliano zilishuka kutoka takriban milioni 3.7 mwaka 2020 hadi milioni 2.1 mwaka 2021. Ukitazama hapo tu, utasema dawa imefanya kazi, na sina shaka wapo waliotuliza hasira wakarudiana. Lakini mwaka 2023 zilipanda tena hadi kama milioni 2.6. Halafu fikiria mke anayepigwa. Amemshawishi mume waende kuandikisha, siku ya 29 mume anaondoa ombi. Kinachobaki kwake ni mahakama, na mahakama za China zina mazoea ya kuikataa kesi ya talaka mara ya kwanza. Muda uleule unaompa mmoja nafasi ya kutafakari unampa mwingine nafasi ya kutishia.

Ireland nayo ilipita njia ya kinyume. Katiba yake ilikataza talaka mpaka kura ya maoni ya Novemba 1995, iliyopita kwa asilimia 50.28, tofauti ya kura kama 9,000 nchi nzima. Mabango ya waliopinga yalisema: karibu talaka, kwaheri baba. Hofu ilikuwa ya kweli, na ningekuwa mama wa nyumbani wa Galway wakati ule, mwenye watoto watano na bila kazi, huenda hata mimi ningepiga kura ya hapana. Mafuriko hayakutokea. Karibu miaka thelathini baadaye Ireland bado ni kati ya nchi zenye talaka chache kabisa Ulaya, na mwaka 2019 asilimia 82 ya wapiga kura walikubali masharti yalegezwe zaidi.

Na kuna ushahidi wa Marekani ambao kwangu ndio unaoinamisha mizani. California ilipitisha sheria mwaka 1969 iliyoruhusu talaka bila kuthibitisha kosa la mwenzako, na majimbo mengine yakafuata kwa nyakati tofauti. Kwa kuwa hayakubadilika siku moja, wachumi Betsey Stevenson na Justin Wolfers waliweza kulinganisha. Katika majimbo yaliyomruhusu mmoja kuondoka bila ridhaa ya mwingine, wanawake waliojiua walipungua kwa asilimia kati ya 8 na 16 baada ya muda, na ukatili wa majumbani ulipungua kwa kama theluthi. Waliofaidika hawakuwa walioondoka peke yao. Mume anayejua kwamba mke anaweza kutoka hujifunza kuzuia mkono wake. Sijui hoja yoyote ya kulinda ndoa inayoweza kuruka juu ya miili ile.

Kwa hiyo nasimama hapa: mlango uwe wazi, na kazi ya kuimarisha ndoa ifanywe mwanzoni na mwishoni, siyo kwa komeo. Mwanzoni ni umri na hiari. Kelantan ilipunguza talaka kwa kuacha kuoza watoto. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi aliipinga sheria hiyo mbele ya Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Anayelia na wingi wa talaka angepaswa kuwa mstari wa mbele kuliunga mkono jambo hilo. Sijawasikia wengi.

Mwishoni ni mali, na hapa ndipo penye mapambano yenyewe. Kwa sheria zetu mlango haukosi uzito: huwezi kuomba talaka kabla ya miaka miwili ya ndoa bila ruhusa maalumu, na lazima kwanza mpite baraza la usuluhishi litoe hati kwamba limeshindwa. Ila uzito wake haulingani kwa wote. Mume wa Kiislamu huitamka talaka. Mke hujivua kwa kurudisha mahari, au humfuata kadhi na ushahidi. Baada ya hapo linakuja swali la nani alichuma nini. Mwaka 1983, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali za ndoa, uamuzi ambao mawakili wanaunukuu mpaka leo. Mwanamke aliyeleta kesi ile, hata hivyo, hakuongezewa kitu, maana Mahakama iliona alikwishapewa fungu lake kabla. Kenya, Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Ni sawa kwa anayetunza karatasi. Lakini nani hudai risiti ya kupika miaka kumi na minane?

Mwaka juzi nilimsindikiza binamu yangu kwenye baraza la kata. Alikuwa amevaa khanga mpya na kubeba mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na daftari la kikoba: mikopo yake yote, tarehe, na pembeni kwa kalamu nyekundu, matofali 600, mabati 24, fundi wa lenta. Wazee waliwasemesha kwa hekima, waliuliza kuhusu watoto, waliuliza kama bado wanalala chumba kimoja. Alipolitoa daftari, katibu alimwambia kwa upole kwamba hayo si ya pale, baraza kazi yake ni kupatanisha. Mali atakwenda kusema mahakamani. Akalirudisha mfukoni, akaufunga fundo.

Miezi saba baadaye, Mahakama ya Mwanzo, hakimu alilisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye mabati alimtazama mume, akauliza, "Haya ni kweli?" Mume akasema ni kweli. Binamu yangu akapewa vyumba viwili vya nyuma, na anaishi humo na wanawe mpaka leo.