Wagonjwa wa utumbo nao wana haki ya kuulizwa kuhusu chanjo

Mtu akigundulika ana ugonjwa sugu wa utumbo, ule wa Crohn au ule wa vidonda vya utumbo mpana unaomfanya mtu aharishe damu miezi na miezi, wote tunahangaika na tumbo lake tu. Ale nini, aache pilipili, aache maziwa, dawa zinapatikana duka gani. Hakuna anayemuuliza, hivi wewe chanjo zako zikoje? Na mi nasema hilo swali lilitakiwa kuulizwa siku ileile anayoandikiwa dawa, ikiwezekana kabla hajameza kidonge cha kwanza, na wa kuuliza ni yule anayeandika dawa, sio mgonjwa.

Kwa sababu huu ugonjwa ni kinga ya mwili yenyewe inaushambulia utumbo, kwa hiyo dawa zake nyingi kazi yake ni kuishusha hiyo kinga. Prednisoloni, azathioprini, na kwa wachache wanaozimudu zile sindano za infliksimabu na adalimumabu. Tumbo linatulia kweli, damu inakata, mtu anarudi kazini kwake, lakini kinga ikishuka haishuki kwa tumbo peke yake, nimonia inapata njia, mafua makali yanapata njia, mkanda wa jeshi, halafu kuna homa ya ini B ambayo inaweza kuwa imejilalia kwenye ini miaka yote bila mwenyewe kujua, dawa zikaja kuiamsha. Hii ndo inanitisha kuliko zote. Chanjo yake hapa Tanzania ilianza kutolewa kwa watoto wachanga 2002, sasa piga hesabu mwenyewe, aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata kliniki ya utotoni, na ni watu wa umri huo wengi wanaomeza hizi dawa leo.

Mdogo wangu anaumwa huu ugonjwa, anakaa Ngamiani hapa Tanga. Kuna siku nilikuwa namtafutia majibu ya kipimo kwenye faili lake la plastiki, humohumo anaweka na kadi ya kliniki ya mwanae. Kadi ya mtoto imejaa, BCG ya kifua kikuu tarehe ipo, matone ya polio yapo, pentavalenti, ile ya magonjwa matano kwa pamoja, dozi zote tatu, surua, kila kisanduku kimeandikwa. Daftari la mama mtu sasa, kurasa zinakaribia kuisha, prednisoloni imepandishwa imeshushwa, uzito, wingi wa damu, majibu ya kipimo cha kamera ya utumbo, lakini neno chanjo halimo hata sehemu moja. Nikamuuliza. Akanambia, "Dada, niliuliza mbona, kwenye chanjo wakasema hizi ni za watoto na wajawazito, muulize daktari wako, nikaenda kwa daktari akasema waulize watu wa chanjo." Akaishia hapo, na nani angeendelea kuzunguka wakati tumbo linamkata? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, huyu wetu uji wenyewe kauomba na bado kazungushwa.

Na sio kwetu tu. Kuna utafiti wa hospitali ya Cedars-Sinai kule Los Angeles uliochapishwa 2006, waliwauliza wagonjwa wa utumbo, wengi wao washawahi kutumia dawa za kushusha kinga, waliokuwa wanachanja mafua kila mwaka walikuwa asilimia 28 tu, chanjo ya nimonia asilimia 9. Sababu kubwa waliyoitaja ni kutojua, waliosema wanaogopa madhara walikuwa wachache zaidi. Kwa hiyo jamani tusikimbilie kusema watu wanaogopa sindano. Watu wa mkoa huu hawaogopi, wazazi wa Korogwe waliwatoa watoto wao kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na wa Bagamoyo pia, ndo hiyohiyo Shirika la Afya Duniani likaja kuipendekeza 2021. Mtu akielezwa akaelewa anachanja.

Hofu moja naisikia sana na inastahili jibu la heshima, kwamba chanjo itaamsha tumbo lililotulia. Imechunguzwa mara nyingi kwa wagonjwa wa utumbo waliopata chanjo ya mafua, ya homa ya ini B, ya Uviko, na haikuonekana kwamba waliochanja tumbo linawachafuka zaidi ya wasiochanja. Cha kuangalia kwa umakini ni aina ya chanjo. Homa ya ini B, mafua ya sindano, nimonia, pepopunda, HPV ya saratani ya mlango wa kizazi, hizi hazina kirusi wala bakteria hai, unachanja hata ukiwa katikati ya dawa, ila kinga inayojengeka inaweza kuwa hafifu ndo maana ni bora kuwahi, na ya homa ya ini B ukimaliza upimwe damu kuona kama imekamata. Zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama surua, homa ya manjano na BCG, hizo ukiwa umeshushwa kinga usichanje mpaka daktari wako aseme.

Hapo kwenye BCG nakazia kwa kina mama. Huku kwetu mtoto anachomwa akiwa bado mchanga kabisa, na infliksimabu inavuka kondo la nyuma inabaki kwenye damu ya mtoto miezi kadhaa. Mwaka 2010 iliripotiwa Uingereza kichanga ambaye mama yake alikuwa anatumia hiyo dawa ujauzito wote, akapewa BCG, bakteria wa chanjo wakasambaa mwilini, akafariki. Miongozo inataka mtoto wa namna hiyo asubiri walau miezi 6, mingine inasema mpaka 12. Kama unatumia hizo sindano sema mapema kliniki ya wajawazito, na umwambie na yule atakayekwenda na wewe leba, maana ukishajifungua unaweza usiwe na nguvu ya kueleza.

Kingine, wagonjwa wengi wa hapa wanafuata bingwa Dar. Anayejua kupanda basi Tanga mpaka Dar huku anaharisha, kuhesabu Segera, Mkata, Chalinze, kumuomba konda asimame achimbe dawa mbele za watu, hawezi kumwambia mgonjwa arudi tena Dar kwa ajili ya sindano ya dakika mbili. Homa ya ini B ni dozi tatu, leo, baada ya mwezi, na miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Bingwa aandike tu kwenye daftari kipimo gani na chanjo gani, kipimo na sindano mtu atavifanya hukuhuku nyumbani.

Na kwa wanaojiandaa na Hija au safari za mbali, chanjo ya homa ya uti wa mgongo wanayodai kwa mahujaji haina bakteria hai, hiyo chanja bila hofu. Ya homa ya manjano ndo shida, kama unameza dawa za kushusha kinga na nchi unayokwenda inaidai, onana na daktari kabla hujalipia tiketi akuandikie barua ya msamaha.