Tuachieni matope yetu

Ukitoka kwenye mbio, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: umetumia dakika ngapi? Mbio za nyika zikikimbiwa kwenye matope, swali hilo halina maana, na ndiyo sababu nazipenda kuliko mbio nyingine zote. Uwanja wa leo si wa jana. Hata mzunguko wa tatu si sawa na wa kwanza, maana mamia ya miguu imeshapita ikaukoroga. Unabaki na swali moja tu: umekuwa wa ngapi?

Nayasema haya kwa sababu kila msimu wa baridi yanarudi maneno yale yale. Mbio ziahirishwe, zihamishiwe kwenye nyasi kavu zilizokatwa vizuri, kwani matope yanampa ushindi mwenye bahati badala ya mwenye uwezo. Sikubaliani nayo hata kidogo. Wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa timu wa Mbio za Nyika za Dunia mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Ndani ya miaka hiyo umo mwaka 2001, mashindano yalipofanyika Ostend, Ubelgiji, kwenye tope ambalo waliokuwepo wanalikumbuka hadi leo. Bahati gani hiyo inayomfuata mtu miaka 18?

Na tukitaka kusema kweli, kilichoutoa mchezo huu kwenye Olimpiki ni jua. Paris, 1924, walianza wakimbiaji 38 kwenye joto kali wakamaliza 15. Mkimbiaji wa Finland, Paavo Nurmi, alishinda akiwa mzima kabisa huku wenzake wakianguka njiani, na tangu hapo mbio za nyika hazijarudi Olimpiki. Matope hayajawahi kutufanyia hivyo.

Yanachofanya ni kumfundisha mtu adabu. Mimi yalinifundisha asubuhi moja ya mvua na upepo, kwenye bonde dogo kabla ya mlima wa mwisho. Wote mbele yangu walikuwa wanalikwepa dimbwi kwa pembeni, nami nikawafuata. Pembeni ndiko kwenye mteremko na utelezi. Mguu wa kushoto ukazama hadi juu ya kifundo, nikauvuta, ukatoka na soksi tupu. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikapapasa tope lililokuwa baridi kama barafu mpaka nikashika kisigino cha kiatu. Kilitoka kwa mlio wa kunyonywa. Nikakivaa na tope lake ndani, nikafunga kamba kwa vidole visivyohisi kitu. Watu kumi na wanne walinipita; niliwahesabu.

Tangu siku ile nafunga mafundo mawili na kuzungushia utepe wa gundi juu ya kamba. Njumu zangu zenye misumari ya milimita 6 zinakaa nyumbani, navaa zenye ya 12 au 15. Dimbwi napita katikati, kwa hatua fupi za haraka, mikono nimeitanua kidogo, maana maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tena ukirefusha hatua kwenye tope unalipa mara mbili: mguu unateleza nyuma unapousukuma, na unachelewa kung'oka unapotaka kuuinua.

Baridi ni jambo jingine, na hapa siwatetei wanaojifanya mashujaa. Fulana ya pamba ikilowa inakuganda mwilini na kukunyonya joto. Glavu nyembamba si udhaifu. Koti livuliwe dakika ya mwisho kabla ya kuanza. Hatari kubwa huja baada ya kumaliza, pale mwili unapoacha kufanya kazi nguo zikiwa bado mbichi. Mwandaaji asiye na mahali pakavu pa kubadilishia nguo, wala mtu wa kuwaangalia wanaotetemeka, huyo kweli aahirishe mbio zake. Lakini asisingizie matope.

Mnaosimamia vijana nawaomba msiwahamishie kwenye nyasi kavu kila wingu likitanda. Kwenye mbio hizi nafasi za wakimbiaji kadhaa wa kwanza wa kila timu hujumlishwa na timu yenye jumla ndogo ndiyo hushinda, kwa hiyo kijana aliye katikati ya kundi, anayepigania kumpita mtu mmoja tu kwenye tope, anaibebea timu yake pointi sawa na anayemng'oa kiongozi. Hilo hutalifundisha kwa saa ya mkononi.

Siku ile nilipovuka mstari, fundo lilikuwa limekaza kwa maji na vidole vyangu havikuweza kulifungua. Mmoja wa wale kumi na wanne aliniona nikihangaika. Hatukujuana. Akapiga goti palepale kwenye tope, akalifungua fundo kwa meno, akanivua kiatu.