Burundi na Somalia: dola mia mbili hazimalizi hoja

Ukisoma habari za Burundi nchini Somalia, hazichukui muda kufika kwenye posho. Mwanajeshi wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, alihesabiwa dola 1,028 kwa mwezi, serikali ikakata 200. Kikosi kilipovuka watu 5,000, makato hayo yalifika kama dola milioni moja kila mwezi, na Bujumbura haina milango mingi ya fedha za kigeni. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipokataa malipo yapitie serikalini, Rais Nkurunziza alitishia kuwarudisha vijana nyumbani. Basi watu wakahitimisha: nchi imekodisha jeshi lake.

Sawa, lakini ni jeshi gani hilo? Lilipotua Mogadishu Desemba 2007, waasi wa FNL nchini Burundi walikuwa bado hawajaweka silaha chini. Mkataba wa Arusha wa 2000 ulizuia kabila lolote kuzidi nusu ya jeshi, hivyo maafisa wa jeshi la zamani, lililotawaliwa na Watutsi, na waasi wa Kihutu wa CNDD-FDD wakavalishwa sare moja. Sare peke yake haijengi imani. Somalia iliwalazimisha: mtu aliyekuwa akikuwinda msitu wa Kibira, nyumbani Burundi, sasa ndiye unayemtegemea usiku wa zamu. Jaribio la mapinduzi la Mei 2015 liliongozwa na Jenerali Niyombare, Mhutu aliyetoka CNDD-FDD yenyewe, na jeshi halikupasuka kwa mstari wa kabila. Siwezi kuipa Mogadishu sifa yote kwa hilo, ila kuinyima kabisa ni dhuluma. (Maafisa wa jeshi la zamani walioandamwa baadaye, hiyo ni kazi ya wanasiasa.)

Gharama ilikuwa nzito. Februari 2009 bomu liliua Warundi 11. Septemba akauawa Jenerali Niyoyunguruza, naibu kamanda wa AMISOM nzima. Dayniile, pembezoni mwa Mogadishu, Oktoba 2011, Al-Shabaab walianika makumi ya miili, Umoja wa Afrika ukataja vifo 10. Familia zilizohesabu zenyewe zina haki ya kununa.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wa safari hiyo ya Somalia ni nyingine. Al-Shabaab waliitishia Bujumbura, lakini waliopigwa mabomu Julai 2010 ni Kampala. Watu 20 waliouawa Vugizo, karibu na Gatumba mpakani na Kongo, Desemba 2023, waliuawa na RED-Tabara, waasi wa Burundi wanaotokea Kongo. Hatari ya Burundi iko ng'ambo ya Ruzizi, mto wa mpaka na Kongo.

Mwisho wa 2024 Burundi ilitoka Somalia. Askari wake sasa wako Kivu Kusini kwa makubaliano na Kinshasa, bila mwavuli wa Umoja wa Afrika, na huko hata posho haijadiliwi hadharani.