Cherehani Tunazo, Tupeni Oda

Uchaguzi ukikaribia, cherehani huanza kuonekana Kondele, mtaa wa hapa Kisumu. Huletwa kwa lori, nyeusi na zinang'aa, akina mama wakaimba, mheshimiwa akagawa, picha zikapigwa. Pita pale baada ya miezi mitatu. Nyingi utazikuta zimefunikwa leso pembeni mwa kibanda, na nyingine zimeshauzwa kulipia karo. Mimi simlaumu mama aliyeuza yake. Alipewa mashine, hakupewa cha kushona.

Nashona sare za shule hapa Kisumu, na huu ni mwaka wa 11. Karakana yangu haiko mbali na soko la Kibuye. Nimehudhuria semina za ujasiriamali, nimepewa vyeti, nimefundishwa kuandika mpango wa biashara. Nashukuru kwa hayo yote. Lakini nikiulizwa ni nini kinachowazuia mafundi wa mji huu kuwa wenye viwanda vidogo, jibu langu ni moja: oda ya uhakika, inayolipwa kwa wakati.

Kumbukeni mwaka 2020. Mwezi wa Machi serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, na marufuku hiyo ikadumu hadi Agosti. Wako mafundi Kibuye ambao riziki yao ni kupunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu, na hao walibaki mikono mitupu. Kisha Aprili barakoa zikawa lazima hadharani. Wiki hiyo hiyo cherehani zilizokuwa zimelala ziliamka. Kijana aliyekuwa ameacha ufundi akaenda kuendesha boda alirudi kwangu kuomba kiti. Hakuna aliyetuletea mashine mpya wala kutufundisha lolote. Kulikuwa na mnunuzi, basi.

Barakoa zilikwisha, lakini sare za shule haziishi. Rangi haibadiliki, saizi zinajulikana, na mtoto anakua kila mwaka. Mwenye duka la magauni anaweza kuleta mzigo, mtindo ukapita, na pesa zake zikaning'inia kwenye henga miezi sita. Shati jeupe la shule halipitwi na wakati. Fundi anaweza kukata Oktoba akiwa na hakika kwamba Januari litavaliwa. Hata hivyo, mzazi wa Nyalenda akipewa barua ya kujiunga, mara nyingi anakuta ameelekezwa kwenye duka moja tu, na duka hilo limeagiza mzigo wake kwa katoni kutoka mbali. Wizara ya Elimu imewahi kulikemea jambo hili. Bado lipo.

Walimu wakuu wana hoja yao, na nitaisema kwa sababu ni ya kweli. Wanasema mafundi wa mtaani tunachelewa, na kola za mashati yetu hazifanani. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa mashati 200. Tuliigawana karakana nne, kila fundi akakata kwake kwa jicho lake. Saizi 28 ya mmoja ikawa saizi 30 ya mwingine. Wazazi walirudisha mashati mengi, na walikuwa na haki.

Tulikaa chini tukabadilisha utaratibu. Sasa mkataji ni mmoja, patani, yaani kielelezo cha kukatia, ni moja ya kadibodi ngumu, na jora lote linatandazwa kwenye meza moja, tabaka juu ya tabaka. Baada ya kukata, tunagawa kazi kwa sehemu za shati: huyu kola tu, yule mikono, mwingine matundu na vifungo, na overloki, ushonaji wa kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke, inapigwa kwangu. Mkono wa anayeshona kola siku nzima hauchukui muda kuzoea, na kola ya mia inafanana na ya kwanza. Hakuna kifaa kipya tulichonunua isipokuwa meza, na fundi wa mbao wa jirani ndiye aliyeitengeneza.

Tatizo lililobaki ni pesa ya kitambaa. Jora hununuliwa taslimu. Uzi, vifungo na zipu pia. Lakini mteja mkubwa anataka kulipa baadaye, na "baadaye" yake haina tarehe. Taasisi moja ilipokea sweta na sketi zangu, ikasifu kazi, ikanilipa baada ya miezi tisa. Katikati hapo niliuza mashine moja ya overloki ili wasaidizi wangu wale. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na utaratibu huo upo tangu 2013. Cheti chake ninacho ukutani. Mwenye jora hakipokei.

Wapo wanaosema tungoje viwanda vifufuliwe kwanza. Wazee wa hapa wanaikumbuka KICOMI, kiwanda cha nguo cha Kisumu, na pamba yake, na mimi ningefurahi sana kununua kitambaa kilichofumwa Kisumu. Kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret kilifufuliwa baada ya kuchukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Ni jambo jema. Lakini kiwanda cha kitambaa nacho kinahitaji wa kumuuzia, na wanunuzi wake ni sisi tulio na oda mkononi.

Kwa hiyo ombi langu kwa bodi za shule, hospitali na kaunti ni dogo mno. Toeni oda mapema, mwezi wa Septemba au Oktoba. Lipeni nusu mbele, maana nusu hiyo ndiyo jora. Ikiwa kola haifanani, rudisheni, msilipe iliyobaki.

Shule moja ya msingi huku Manyatta ilikubali masharti hayo mwaka jana. Mashati 180, nusu mbele, nusu siku ya kupokea. Tuliyapeleka tarehe 19 Desemba, na mwalimu mkuu aliyapima kwa utepe wake mwenyewe mbele yetu, moja baada ya jingine, hadi akachoka. Hakurudisha hata moja. Mwaka huu wameongeza sketi za marinda. Jora la kwanza nimeshalilipia, na mkataji anakuja Jumatatu.