Pangaboi la Mama Mkwe

Kapasita ya pangaboi, kile kidude kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ikichoka, utaijua kwa ufagio. Unawasha swichi, juu kunanguruma mmmm, panga hazisogei mpaka mtu apande stuli azisukume na mti wa ufagio, ndipo zianze kujivuta. Februari, Dar es Salaam, chini ya bati. Sisi tulishazoea. Kilichotibua ni simu: mama mkwe anakuja kutoka Tanga kutusalimia.

"Baba Asha, mwite fundi," mke wangu akasema.

Fundi wa nini? Bisibisi ninayo, plaizi ninayo, tesita ninayo. Nikaenda zangu madukani, mtaa wa Gerezani, kutafuta kapasita. Muuza vipuri akauliza, "Ya mbili na nusu?" Nikajibu, "Hiyo hiyo," kwa sauti ya mtu aliyekuwa anajua tangu nyumbani. Maikrofaradi 2.5, bei ya chipsi kavu.

Nikazima meni swichi, nikapanda mezani. Kwenye mota zinatoka nyaya tatu, na kiwandani walizipa rangi tatu ili mtu asichanganye. Ila vumbi la miaka na moshi wa jikoni vilishazigeuza zote rangi ya ugoro. Si kitu, nilizipanga kichwani. Sasa katikati ya kupanga, Asha akaja kuomba hela ya daftari.

Washa! Likaondoka lenyewe, bila ufagio. Mke wangu akapiga kigelegele, nami nikashuka mezani nikidai chai.

Mama mkwe akafika. Shikamoo, marahaba, akakaribishwa kiti cha katikati, chini ya pangaboi kabisa. Pilau ikaja. Juu panga zinakata hewa mpaka hazionekani. Mama mkwe akashika ncha ya kanga, akaanza kujipepea.

"Baba, hili mmeliwasha kweli?"

"Limewashwa, mama."

Na kweli. Mapazia yanapepea, kalenda inajigonga ukutani, risiti za luku zimeshuka kabatini zinatembea sakafuni. Pale katikati tu ndiyo hakuna kitu, jasho linamchuruzika mgeni wa watu. Na lile vumbi lililokuwa limelala mgongoni mwa panga likawa linatua taratibu.

"Pilipili manga mmeweka nyingi," akasema, akaendelea kula.

Kijana wa jirani, anayesomea umeme, alikuwa mlangoni. "Mzee, linazunguka kinyume. Moto umeuingiza kwenye waya wa kuanzia, ulitakiwa uende wa kukimbilia. Linavuta hewa huku chini linaipiga darini, halafu inashukia kutani."

Nikamwambia hilo nalijua, nilikuwa naipima mota. Nikamuuliza pia kama kwao hakuna chakula.

Ila mama mkwe alishasikia. Akajikokota na kiti chake mpaka ukutani, akaegemea, akafumba macho. "Aah. La kwangu kule Tanga linanipiga magoti usiku kucha. Hili linanizunguka vizuri. Asiliguse mtu!"

Tangu hapo nyumba nzima tunakula tumeegemea kuta nne, meza iko peke yake katikati, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Kijana wa jirani akija na bisibisi, mama mkwe anamfukuza.

Jumamosi anarudi Tanga. Ameomba nimsindikize na vifaa vyangu, nikamgeuzie na la kwake. Mke wangu amekwisha ficha plaizi.