Kanga ina kisanduku, slaidi zenu zina nini?

Juzi binamu yangu wa Wete kanitumia mafunzo ya mtandaoni ya kuanika karafuu. Nilikuwa barazani na shangazi, anayeanika karafuu tangu hajaolewa, nikampa simu asome. Akaisogeza mbali, akaileta karibu na pua, akaikinga jua kwa kiganja. "Mwanangu, hapa pameandikwa kitu gani?"

Nikatazama. Slaidi ina picha nzuri, sikatai: jamvi jipya jeupe, karafuu za kahawia, makonyo yametapakaa pembeni. Juu yake maandishi meupe, membamba kama uzi. Neno "zisinyeshewe" lilianzia kwenye karafuu, likaonekana. Likamalizikia kwenye jamvi, likapotea. Kilichosomeka ni "zisinye". Shangazi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Aliyetengeneza naamini aliiona kwenye kompyuta kubwa, chumba kina kiyoyozi na mapazia. Sisi tunasoma juani, mwanga wa simu tumeupunguza tubane chaji.

Na kinachoniudhi ni kuwa jambo hili bibi zetu wanalijua. Nendeni Darajani mukashike kanga yoyote. Pindo limejaa maua, mji umejaa makorosho, rangi zinagombana. Lakini jina halikutupwa juu ya maua! Lina kisanduku chake, rangi moja tupu, herufi kubwa nene. Jirani mliyenuniana naye akitokea kichochoroni, unalisoma hatua kumi kabla hajafika, na ujumbe ushakuingia. Leo mtu ana shahada ya usanifu, anashindwa na kanga.

Basi nyinyi watengeneza slaidi, wekeni kisanduku cheusi nyuma ya maneno. Kiwe na uwazi kidogo mukitaka, ila picha isianze kuchungulia baina ya herufi. Kivuli cha herufi peke yake ni kumpaka mgonjwa wanja. Na pimeni: miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya ya mtandaoni yasomeke na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na kilicho nyuma yake kwa 4.5 kwa 1, na yale makubwa, kuanzia pointi 18, kwa 3 kwa 1. Lakini musipime pale penye karafuu mukajipongeza. Pimeni kwenye jamvi, pabaya kuliko pote.

Haya, nakubali: slaidi za maneno matupu zinalaza watu. Na picha ya bahari ya Nungwi yenye anga tupu inaweza kubeba maneno bila ya kisanduku. Bahati yenu. Ila simu ikisimamishwa wima picha hukatwa, anga ikabaki nje, na maneno yakaangukia kwenye matanga ya ngalawa.

Nimewaandikia wenye mafunzo yao, kwa adabu kabisa, na picha ya skrini nikaambatanisha. Jana wamenijibu: "Kwetu inasomeka vizuri."