"Isizidi miaka 7": je, jarida la mawakili lichapishe tangazo kama hili?

Mwaka 2014 Dale Kleber, wakili wa Marekani aliyekuwa na miaka 58, aliomba kazi ya uwakili mwandamizi katika kampuni ya vifaa vya hospitali, CareFusion. Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka 3 hadi 7, kisha likasisitiza: isizidi 7. Akaachwa, kazi ikaenda kwa mwombaji wa miaka 29.

Kleber alishtaki kwa sheria ya 1967 inayowalinda wafanyakazi wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Januari 2019 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago, kwa majaji 8 dhidi ya 4, ilisema kifungu alichokitegemea, kinachohusu masharti yasiyotaja umri lakini yanayowaumiza wenye umri mkubwa, kinawalinda walio kazini tayari. Mwombaji wa nje hayumo. Mahakama ya Juu ya Marekani haikukubali kuisikiliza kesi hiyo.

Kwa hiyo, kwa kifungu hicho, mwajiri aliye katika eneo la mahakama hiyo anaweza kuendelea kuandika hivyo. Ninachojiuliza ni kama jarida la chama cha mawakili, linalosomwa na watu wa miaka 27 na wa miaka 60, linapaswa kumpa ukurasa.

Wanaolitetea tangazo wana hoja nzito. Ofisi nyingi kubwa hupanga mshahara kwa miaka ya uzoefu, na mteja hataki kulipia saa za wakili mwenye uzoefu wa miaka 25 kwa kazi ya kupitia nyaraka. Vijana wametoka chuoni na madeni, nao wanahitaji mlango wa kuingilia. Tena uzoefu si umri: aliyeanza kusoma sheria akiwa na miaka 45 anaweza kuwa na uzoefu wa miaka 4 tu. Na wanauliza, ukikataa tangazo, mwajiri si atawachuja watu kimyakimya?

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ina ukweli. Lakini ilikuwepo pia enzi za gazeti la Marekani la Pittsburgh Press, lililopanga nafasi za kazi katika safu kwa jinsia, zikiwemo ya wanaume na ya wanawake. Mwanamke aliyefungua gazeti lile alijua kabla ya kusoma neno lolote ni upande gani asihangaike nao. Gazeti lilijitetea kwa uhuru wa habari. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ililikatalia. Kuondoa safu hakukuwafanya waajiri wote wawe waadilifu, ila kulimwezesha mwanamke kutuma barua. Ndivyo ninavyoliona neno "isizidi": linamrudisha mtu nyumbani kabla hajabisha hodi.

Kesi hizi hazilingani, nakubali. Kule kuajiri kwa jinsia kulikuwa kumepigwa marufuku. Huku mahakama imeliacha sharti lipite. Ila chama cha mawakili hakifungwi na kiwango cha chini cha sheria. Mwaka 2016 Chama cha Mawakili cha Marekani kiliingiza umri katika kanuni yake ya mfano ya maadili inayokataza ubaguzi, na maelezo yake yanagusa hata uendeshaji wa ofisi ya uwakili. Kanuni hiyo hailazimishi mpaka jimbo liipitishe, na wapo mawakili wanaoipinga wakihofia kwamba itabana uhuru wa kusema. Mimi hofu hiyo naiheshimu linapokuja suala la hotuba na makala. Kwenye tangazo la ajira siioni nguvu yake.

Ningependa mhariri amrudishie mwajiri tangazo na kumwomba aandike kazi yenyewe: mikataba ya aina gani, chini ya usimamizi wa nani, kwa mshahara gani. Ikiwa kazi ni ya ngazi ya chini na malipo yake ni madogo, iandikwe hivyo. Wakili wa miaka 58 anajua kusoma mshahara, na uamuzi wa kuomba au kuacha utakuwa wake.